Nyuzi Zilizopinda

Mwalimu Nemat Nakhai alikuwa hajapata kukutana na kitu kilichotengenezwa na binadamu mwenzake akakisifu. Mkate wa tanuri la mtaani ulikuwa mbichi, barabara ya kwenda Khusf ilijengwa na watu waliokuwa wamesinzia, na zafarani ya msimu ule, kwa maoni yake, ilifaa kutilia mazulia rangi tu, si kutilia wali. Kwa hiyo siku aliyoketi juu ya paa la nyumba yake mjini Birjand, akainamia kidarubini chake cha kulengea na kukuta nyuzi zake zimepinda katikati, hakushangaa hata kidogo. Alifurahi, maana alikuwa amepata mtu mwingine wa kumtukana.

"Eqdas!" akamwita mkewe. "Njoo uone kazi ya watu wasio na haya."

Eqdas alikuwa chini uani akichambua zereshki, vitunda vyekundu vichachu vya kupikia wali wa futari. "Nina kazi, bwana wee. Leo ni nani?"

"Waliotengeneza hii. Mtu kapewa nyuzi mbili tu azipishanishe. Mbili! Zimemshinda."

"Afadhali yeye. Wewe umeshindwa na bomba la jikoni tangu mwaka jana."

Kidarubini chenyewe kilikuwa kimepachikwa ubavuni mwa darubini kubwa, nacho kilikuwa na kazi moja. Darubini kubwa huona kipande kidogo sana cha mbingu, na kutafuta kitu kwa kutumia hiyo peke yake ni kama kutazama soko zima kupitia tundu la ufunguo. Kidarubini huona pana. Unakiweka kitu pale nyuzi zinapokutana, na darubini kubwa inakuwa tayari imekikamata. Nyuzi zikiwa mbovu, kila kitu kinaharibika. Na hizi zilipinda kwa namna ya ajabu, kana kwamba mtu amezibana katikati kwa vidole. Hata lenzi ya jicho, ya plastiki, ilikuwa na ukungu palepale katikati, mahali ambapo hata lenzi ya mtoto ya kuchezea huwa safi.

"Nitaiondoa yote," Nakhai aliliambia paa. "Lenzi, nyuzi, takataka yote."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Kila mwezi, siku ya ishirini na tisa jua linapokaribia kuzama, yeye na wenzake hupanda kilima kilicho juu ya barabara ya Khusf kutazama mwezi mwandamo. Haji Agha Mudi, imamu wa msikiti wao, huandika ushahidi na kuupeleka mbele, na ushahidi wenyewe hutakiwa wa wanaume wawili waadilifu, kila mmoja akiwa ameona kwa jicho lake. Mmoja wa wawili hao, kwa miaka ambayo vijana wa mtaani hawakumbuki mwanzo wake, alikuwa Nakhai. Mwezi wa Ramadhani ukifika ukingoni, wanawake husimamisha sufuria na kuulizana, "Nakhai kasemaje?" Akisema umeandama, wali wa Idi unawekwa motoni. Akinyamaza, watu wanaweka daku.

Naye alikuwa hana huruma na walioona visivyokuwepo. Alimfukuza kilimani muuza mazulia aliyeuona mwezi upande wa mashariki. Alimfukuza fundi cherehani aliyeuona nyuma ya wingu. "Mwenye macho haambiwi tazama," alikuwa akiwaambia wakishuka kwa aibu, "na asiye nayo akae nyumbani anywe chai." Wengine hawajamsamehe mpaka leo, na wana haki.

Mwaka ule mwezi wa Idi ungekuwa mwembamba sana, karibu na jua, na wa kukaa dakika chache tu. Ulikuwa mwezi wa kumpambanua mwenye macho na watu wengine, na Nakhai aliutaka kwa uchu mkubwa.

Lenzi mpya aliipata kwenye darubini ya macho mawili ya jeshi la Urusi iliyovunjika, iliyokuwa imelala kabatini. Hiyo ilikuwa kioo kitupu, nzito, yenye uwanja mpana. Kilichokosekana ni kipande cha bomba la plastiki cha kuishikia, na bomba, kwa bahati yake mbaya, aliliuza Mhandisi Manuchehr Zangui.

Zangui alikuwa muuza pampu za maji, mnene, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Mwaka uliopita alikuwa amenunua darubini inayojigeuza yenyewe, na tangu hapo alizungumza juu ya mbingu kama mtu aliyezirithi kwa babu yake.

"Mwalimu! Umenipa heshima. Karibu, karibu kiti," alisema Zangui akiinuka. "Bomba la nini? La choo?"

"La darubini."

Zangui alicheka mpaka mabomba yaliyotundikwa yakatikisika. "Mwalimu wangu, naomba uitupe ile! Yangu naiambia tu 'mwezi', inageuka yenyewe. Inaongea, tena kwa sauti ya bibi mpole sana."

"Nakupongeza. Sasa nyumbani kwako yupo japo mmoja anayekusikiliza."

"Haya, tukana, mimi ni mwanao." Zangui alikata bomba bila kukasirika, na hilo lilimuudhi Nakhai zaidi. "Ila safari hii tutakuwa pamoja kilimani. Mzee Qasab, shahidi mwenzako, si amehamia Mashhad kwa mwanawe? Haji Agha ananitaka mimi niwe shahidi wa pili."

"Wewe? Macho yako yamewahi kuona nini zaidi ya bei?"

"Yataona mwezi, inshallah. Na yakishindwa, kamera itaona."

"Kamera haiendi kuapa," alisema Nakhai, akachukua bomba lake na kutoka bila kuaga. Debe tupu, alijiambia njiani, haliachi kuvuma.

Kazi ya nyuzi aliijua vizuri, hilo lisikataliwe. Ndani ya kidarubini kuna mahali pamoja tu ambapo sura ya kitu inatua, na nyuzi lazima zikae palepale. Zikikaa mbele yake au nyuma yake, ukitikisa kichwa kidogo nazo zinatembea juu ya kitu unacholenga, na hapo hujalenga chochote. Alipapata mahali pale kwa kusogeza kipande cha karatasi mbele na nyuma mpaka sura ya mnara wa maji ikakaza. Akatengeneza pete ya bati ya kukaa hapo. Halafu akatoa nyaya nyembamba za shaba kwenye waya wa simu ya zamani, akazichagua, akazinyoosha.

"Eqdas, rangi yako ya kucha iko wapi?"

Mkewe aliweka kisu chini. "Astaghfirullah. Mwezi mtukufu huu, na umri huo?"

"Ya kugandishia nyuzi, mwanamke!"

"Nyekundu au ya waridi?"

"Yoyote!"

"Basi nyekundu. Ya waridi ni ya arusi ya mpwa wangu, na ukiigusa utaenda kueleza wewe."

Hakuweka nyuzi mbili kama wale mabaradhuli wa kiwandani. Aliweka jozi mbili, jozi juu ya jozi, ili katikati pawe na mraba mdogo mtupu. Kitu kikikaa ndani ya mraba kinaonekana chote, hakifunikwi na uzi. Alipomaliza alipitisha kidole polepole kando ya rula na kando ya kila uzi. Kidole kilimwambia zimenyooka. Akaipachika pete, akafunga lenzi ya Kirusi, akainama kutazama. Jicho likamwambia zimepinda.

Kati ya kidole na jicho, akaliamini jicho. Aling'oa nyuzi zote akalaani shaba ya siku hizi, inayochanganywa na kitu gani Mungu anajua. Akaweka nyingine, nazo zikapinda. Akaweka nene zaidi, zikapinda vilevile, na sasa zilipinda upande mwingine. Mraba wake mzuri ulionekana kama mdomo wa mtu anayepiga chafya, na ndani ya mraba mlikuwa na doa la kijivu lisilofutika. Aliifuta lenzi kwa ncha ya shati, kwa pamba, kwa manukato ya mkewe. Doa lilibaki. Akawatukana Warusi.

Alikuwa bado anawatukana pale Farangis Bazmi alipopanda ngazi. Farangis alikuwa mfamasia wa duka la dawa la pembeni, mwanamke wa makamo asiyesema sana. Wakati fulani alikuwa mwanafunzi katika darasa la nyota ambalo Nakhai alifundisha jioni, na mpaka leo aliwafuata kilimani kila mwezi. Siku ile alikuwa amemletea Eqdas dawa za shinikizo la damu.

"Umekuja wakati mzuri," Nakhai alimwambia. "Tazama upuuzi huu. Niambie nyuzi zimepinda upande gani, maana kila nikitazama zinapinda kwingine."

Farangis aliinama. "Mnara wa maji umesimama kichwa chini."

"Kubwa na ndogo, zangu zote hupindua, nilikufundisha hilo. Nyuzi!"

"Nyuzi zimenyooka, Mwalimu."

"Tazama katikati."

"Ndiko ninakotazama. Mraba ni safi kabisa. Kuna njiwa ndani yake anajikuna."

Nakhai alifungua mdomo amwambie kwamba hana akili, kwamba kukaa na vidonge kumemharibu. Farangis aliinua kichwa akamtazama, halafu akatazama mkono wake uliokuwa bado umeshika kitambaa chenye manukato.

"Ni jicho la kulia, Mwalimu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mistari inapinda? Kuna doa?"

"Sijakuuliza dawa."

"Hospitali ya macho ya Mashhad wanaweza kulizuia doa lisizidi. Lakini halingoji, Mwalimu. Kila wiki ni..."

"Nenda kafungue duka lako."

Farangis alishuka. Nakhai aliingia bafuni akafunga mlango kwa ndani. Vigae vya bafu lile alivibandika mwenyewe akiwa bwana arusi, kwa uzi na timazi, na kwa nusu ya maisha yake alikuwa akiwaonyesha wageni jinsi mistari yake ilivyonyooka. Alifunika jicho la kushoto, ambalo tangu utotoni lilikuwa la mapambo tu. Mistari ilizama katikati kama godoro lililokaliwa. Akatazama kigae kimoja, kikatoweka. Akatazama cha jirani, cha kwanza kikarudi.

Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa mwalimu wa jiometri. Kiwanda kilikuwa hakina kosa, shaba haina kosa, Warusi maskini hawana kosa. Kitu pekee kilichopinda juu ya paa lile ni yeye. Na aliogopa, isisemwe vinginevyo. Aliketi ukingoni mwa beseni akaogopa mpaka Eqdas akagonga mlango kuuliza kama ameanguka.

Mtu mwenye busara angesema ukweli jioni ile ile. Angemwambia Haji Agha atafute shahidi mwingine, angepanda basi la Mashhad. Nakhai alifanya nini? Alirudi juu ya paa akabadilisha nyuzi mara nyingine, akaweka nene kuliko zote, na mraba akaupanua. Akagundua kwamba akitazama pembeni kidogo, si moja kwa moja, aliweza kuuona mraba mzima na kitu chochote kinachong'aa ndani yake. Kidarubini kilikuwa sasa kizuri kuliko chochote alichopata kutengeneza, na kilikuwa kizuri kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyeona. Hakumwambia mtu. Akaanza kujijengea hoja: mwezi ukiwa ndani ya mraba wangu, na mraba nimeuweka mimi kwa hesabu yangu, basi nikisema nimeuona nimekosa nini? Mwezi si upo? Alirudia hoja hiyo kwenye daku na kwenye swala, na mwanafunzi yeyote angemletea hoja ya namna hiyo darasani angempa sifuri na kumsimamisha kwenye kona.

Siku ya ishirini na tisa ilikuwa na vumbi kidogo upande wa magharibi. Gari la Haji Agha lilitangulia, la Zangui likafuata likiwa limejaa masanduku. Walikuwa wanne tu kilimani: Haji Agha na kalamu yake, Zangui, Farangis, na Nakhai. Wote walikuwa na kiu na midomo imekauka, kama inavyokuwa siku ya mwisho.

Zangui alifunga mashine yake, akaifuta, akaibonyeza. "Karibu," ilisema kwa sauti ya bibi mpole. "Tafadhali chagua nyota mbili zinazoonekana."

Jua lilikuwa halijazama. Nyota hazikuwepo.

"Mwambie ni mchana," alisema Nakhai.

"Huwa inajua yenyewe." Zangui alibonyeza tena. Mashine ilinguruma, ikazunguka kwa madaha, ikainamisha mdomo wake na kuutazama mnara wa simu wa kijijini. "Kitu kimepatikana," ilisema.

"Hongera, Mhandisi," alisema Nakhai. "Mwezi wako una nyaya."

Haji Agha alikohoa kuficha kicheko. Zangui alibonyeza, akazima, akawasha, akaipiga kofi kidogo. Jua likazama mashine ikiwa bado inaomba nyota mbili.

Nakhai aliketi kwenye kiti chake cha kukunja. Sayari ya Zuhura ilikuwa imejitokeza juu ya vumbi. Akatazama pembeni yake, nayo ikaingia kwenye mraba, nyeupe, imetulia. Hapo akaikaza darubini, akasoma duara zake za chuma zenye alama za digrii, akahesabu kichwani, akageuza kidogo kuelekea jua lilikozama na kidogo kushuka. Mikono yake haikukosea. Wenzake walisimama nyuma yake bila kupumua, maana hakuna aliyewahi kuona kazi hiyo ikifanywa kwa usafi ule. Kisha akahamia darubini kubwa, akatazama.

Palikuwa na doa la kijivu.

Akatazama pembeni, kulia, kushoto, juu, chini. Zuhura inang'aa, hujitokeza hata kwa mwenye jicho baya. Mwezi ule haukung'aa, ulikuwa mwembamba, na kila alipoukaribia ulimezwa. Alijua uko pale, angeapa kwa kichwa cha mwanawe kwamba uko pale.

"Mwalimu?" aliuliza Haji Agha.

"Bado," alisema Nakhai. Akainuka kwenye kiti. "Mpeni mwingine atazame."

Zangui aliketi kwa pupa, kiti kikalia. Hakukaa hata kwa muda wa kusoma Fatiha. "Nauona! Mashallah, mashallah! Nauona!" Akaruka. Farangis aliketi baada yake akakaa sana, jicho likiwa kwenye lenzi na mikono magotini. Alipoinuka alisema, "Upo," akasogea pembeni.

Haji Agha alitoa kalamu. Kwa kawaida huwasikiliza mashahidi mmoja mmoja kando ya gari, wasije wakaazimana maneno, lakini sauti ya Zangui haikuwa ya kando ya gari.

"Ulikuwaje, Mhandisi?"

"Mzuri sana, Haji Agha! Kama bakuli! Umelala hivi, pembe zimetazama juu, kama kwenye picha za Idi."

Nakhai alicheka kwa sauti, kicheko cha kwanza kikavu tangu asubuhi. "Pembe juu?"

"Juu kabisa."

"Kwa darubini hii?"

"Kwa darubini hii, Mwalimu, uliyoilenga wewe mwenyewe!"

"Darubini hii hupindua kila kitu, wewe muuza pampu. Mti unasimama kwa matawi, watu wanatembea kwa vichwa. Mwezi wenye pembe juu, ndani ya hii, unaonekana umejifunika na pembe zimetazama chini. Umeuona kwenye kalenda ya dukani kwako, si hapa."

Haji Agha alimgeukia Farangis. "Binti yangu, wewe uliziona vipi?"

"Chini, Haji Agha. Kama bakuli lililofunikwa."

Zangui alikuwa amekwisha kukimbilia kiti. Akachungulia tena, akakodoa. "Aa! Ndiyo, ndiyo! Sasa nauona vizuri. Pembe chini. Kweli kabisa."

"Huo ni wa pili, Mhandisi," alisema Haji Agha kwa upole. "Wa kwanza ulikuwa upi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Zangui ilikuwa imeishia hapo juu ya kiti cha kukunja. Lakini hakuwa mtu wa kuanguka peke yake. Aliinuka amewiva uso mzima akamnyooshea Nakhai kidole. "Haya, mimi sikuona! Na yeye? Mbona hajasema? Alikaa pale muda wote ule, akasema 'bado'. Muulizeni Mwalimu, bwana wa macho! Aliona nini?"

Haji Agha alisubiri na kalamu yake. "Nemat Agha. Nahitaji wawili, unajua, na kwa huyu sina hata mmoja. Japo nikuandike wewe. Umeuona?"

Na hapa ndipo palipokuwa pabaya. Uongo wa Zangui ulianguka kwa kukosa elimu. Uongo wa Nakhai usingeanguka kamwe. Alijua pembe zinaelekea wapi, upande gani mnene, juu ya vumbi kiasi gani, mpaka utakapozama. Angeweza kuueleza mwezi ule vizuri kuliko Farangis aliyeuona. Hakuna mtu chini ya mbingu angemkamata. Farangis peke yake alijua, naye alikuwa ametazama chini, kwenye mawe, akimwachia nafasi. Kesho wanawake wangeulizana Nakhai kasemaje, na kungekuwa na jibu.

Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Ingekuwa heri kuwa fundi cherehani aliyeuona nyuma ya wingu. Yule japo alidhani ameona.

"Sikuuona," alisema.

"Vumbi limekuzuia?"

"Si vumbi. Farangis kauona, kwa hiyo si vumbi. Jicho langu limeharibika, Haji Agha. Tangu kabla ya Ramadhani, labda kabla ya hapo. Nimetengeneza kidarubini kizima ili nisilikubali." Akamgeukia Zangui. "Wewe ni mwongo mjinga. Mimi nilipanda huku niwe mwongo hodari. Mshukuru Mungu kwamba wa kwako ndio uliosikika."

Zangui alikuwa ametayarisha cheko, lakini hakujua amcheke nani. Akaenda kufunga mashine yake, iliyokuwa bado inaomba nyota mbili.

Haji Agha hakuandika kitu. Alikaa na karatasi tupu mapajani, akamtazama Farangis kwa muda mrefu. "Mmoja ameona," alisema, "na ni mwanamke, siwezi kumhesabu." Hakulisema kwa dharau, alilisema kama mtu anayesoma hati iliyoandikwa na wengine. "Tungoje redio. Huenda kwingine wamepata wawili." Akakunja karatasi akaenda garini kutafuta tende, maana wekundu wa mashariki, alama yao ya kufungua, ulikuwa umekwisha.

Nakhai hakwenda kwenye tende. Alibaki amesimama kando ya darubini yake, mkono juu ya bomba la Zangui. "Bado upo?"

Farangis aliketi akatazama. "Upo. Unashuka."

"Nieleze."

"Mwalimu unajua ulivyo."

"Nimesema nieleze. Na usinieleze kama unasoma karatasi ya dawa."

Farangis alirudisha jicho kwenye lenzi. "Mwembamba. Si uzi mmoja, umekatika mahali pawili. Pembe ya kulia ni fupi kuliko ya kushoto. Hauna rangi. Ni weupe kidogo tu kuliko anga, nikipumua unapotea, nikitulia unarudi."

Nakhai aliyajua yote hayo. Yeye ndiye aliyemfundisha. Alisikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza maelfu ya majibu ya wanafunzi, akitafuta kosa la kusahihisha, neno moja la kumrudishia. Hakulipata.

"Endelea," alisema.

Na Farangis akaendelea kumsimulia, mpaka mwezi ukaingia kwenye vumbi.